Nilikimbia wanaoniiga, sasa sina cha kuchora

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchoraji wa picha za tingatinga, nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Ufundi niliupatia Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachoraji kule Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mjomba ndiye aliyenipeleka baada ya kumaliza kidato cha nne, na matokeo yangu nadhani huna haja ya kuyajua. Nilianza kwa kupaka rangi za nyuma na kuweka vitone kwenye picha za wakubwa, mpaka siku moja nikaachiwa kitambaa changu mwenyewe. Pale nilikaa miaka mingi, nikaoa nikiwa pale, nikajenga jina kidogo.

Kilichoniondoa ni hiki. Kuna kipindi nilichora daladala iliyojaa wanyama. Tembo kabana siti yote ya nyuma, nyani wananing'inia mlangoni, twiga ndiye konda, shingo kaitoa dirishani anaita abiria. Picha ilichukuliwa siku hiyohiyo na mama mmoja wa Kijerumani, akataka na nyingine mbili. Kabla sijazimaliza hizo mbili, majirani walikuwa wameshatundika daladala zao. Mmoja, ambaye tulikuwa tunakula sahani moja, akaongeza fisi: kamvalisha sare nyeupe ya trafiki, kasimamisha gari, mkono mmoja umenyooka mbele na mwingine upo nyuma ya mgongo, kiganja wazi. Hiyo ya fisi ikauzika kuliko yangu. Nilipomwambia ameniibia, alicheka, akasema, "Mbona mimi nimekuongezea?" Tangu siku ile salamu zetu zikawa za kulazimishana.

Mke wangu ni muuguzi. Alipohamishiwa Muheza, mkoani Tanga, niliona Mungu kanifungulia njia. Nikapanga nyumba yenye chumba cha ziada, nikakifanya chumba cha kazi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, Shangazi. Hakuna kelele, hakuna wa kuchungulia. Nilichora malori ya machungwa, nikachora mashamba ya mkonge yenye korongo, picha nikizituma kwa basi Dar na Arusha na zikitoka vizuri. Nikawa najisemea, kumbe wale jamaa walikuwa wananichelewesha tu.

Sasa hivi nimekauka. Naamka, mke anakwenda kazini, watoto shule, nafunga mlango na dirisha kwa sababu ya vumbi na watoto wa jirani, nakaa mbele ya kitambaa. Napaka rangi ya nyuma, nachora twiga, natazama, nafuta kwa thina. Nachora tena, ni twiga yuleyule. Mchana kichwa kinauma, nalala. Mnunuzi wangu wa Arusha juzi kaniandikia: "Nitumie kama zile za mwanzo, hizi za siku hizi zimepoa." Nikimwonyesha mke wangu picha anasema nzuri. Kila picha ni nzuri. Kodi ya miezi hii kalipa yeye, na ingawa hasemi kitu, mimi mwanaume najisikia vibaya.

Kuna kijana wa mtaani, kamaliza shule hana kazi, kila mara anakuja kuniomba nimfundishe. Nimemkatalia. Naogopa nitafuga mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa pia kwenye grupu la WhatsApp la wasanii, nikajitoa, maana ilikuwa ni michango ya misiba na harusi, na ukiweka picha yako unakuta wiki inayofuata ina jina la mtu mwingine.

Nirudi Dar? Au kipaji ndiyo kimeisha na nitafute kazi nyingine? Mke wangu anasema nikuandikie wewe.

Mchoraji, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, na pale kwenye fisi nimecheka. Najua kwako hakuchekeshi. Lakini kama nimecheka mimi ambaye picha sijaiona, basi namwelewa aliyetoa pesa zake. Na nataka tuanze hapohapo kwa huyo fisi, maana naona umempita mbio.

Majirani waliotundika kopi tupu ya daladala yako wamekudesa, hilo halina mjadala. Ila huyu wa fisi alifanya kitu kingine. Aliitazama picha yako akajiuliza: gari hili likiondoka hapa kituoni, mbele litakutana na nani? Akajibu. Lile swali lilikuwa limo ndani ya picha yako, wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa umeshaisaini. Na baada ya yeye kujibu ilikuwa zamu yako. Ungeweza kuchora twiga anashuka na daftari la mahesabu, abiria wamemzunguka trafiki, tembo anashuka kwa mlango wa nyuma. Ungeweza kumpeleka fisi nyumbani kwa mkewe akaulizwe pesa za matumizi. Badala yake ulifunga virago.

Watu wa mashairi wanaujua mchezo huu tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga akijibizana na washairi wa Lamu wakati miji ile miwili haipikiki chungu kimoja. Hawakuwa wakikaa baraza moja wakanywa kahawa. Beti zilisafiri, zikifika upande wa pili mtu hali wala halali mpaka ajibu. Baadaye kurasa za mashairi magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza 1923, zikaendeleza kazi hiyohiyo: mtu yupo peke yake kijijini, katunga swali, kalituma, halafu anangoja ajibiwe na mtu asiyemjua sura. Mara nyingi mjibuji huchukua bahari ileile ya mwenzake, yaani aina ileile ya shairi, na hata kituo chake, ule mstari wa mwisho wa ubeti. Sijapata kusikia malenga analalamika kwamba kaibiwa vina. Akijibiwa hufurahi, kwa sababu sasa ana sababu ya kutunga tena.

Wewe ulipokuwa Oysterbay ulikuwa unajibiwa kila siku, bure, na watu waliokuudhi. Muheza hakuna anayekujibu. Twiga wako ni yuleyule kwa sababu hakuna aliyemtazama akakwambia chochote tangu ulipohamia. Kipaji hakijaisha, na neno hilo usiliseme mbele ya watoto.

Nikukumbushe na historia ya kazi unayoifanya, maana nina wasiwasi mjomba wako alikufundisha brashi akasahau habari. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kabla ya Dar alifanya vibarua katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kwa hiyo huo mkonge unaouchora dirishani kwako na yeye aliujua kwa mikono. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye mbao za dari, kwa rangi za kupaka baiskeli, na picha akiziuza chini ya mbuyu palepale Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi jijini Dar wakidhani ni mhalifu. Hesabu mwenyewe: ni miaka michache tu ya kazi. Lakini katika miaka hiyo alikuwa ameshawakalisha ndugu na jamaa zake kando yake, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde na Ajaba Abdallah. Alipokufa wao waliendelea, na ndio waliozaa hao wengine mpaka kikaja chama cha ushirika mwaka 1990. Angefunga mlango na dirisha kama wewe, leo tungekuwa na mbao chache kwenye nyumba za wazungu waliokwisha rudi kwao, na wewe usingekuwa mchoraji wa tingatinga kwa sababu mtindo wenyewe usingekuwepo.

Tena angalia kilichotokea baada yake. Yeye mwenyewe mara nyingi alichora mnyama mmoja, rangi moja nyuma, basi. Waliokuja baada yake wakajaza. Mohamed Charinda akaingiza hadithi na historia, vijiji, misafara ya watumwa. David Mzuguno akasuka majani na ndege mpaka huoni pa kupitisha kidole. Hawa walitoka kwenye kijiwe kilekile cha kuigana unachokilaani. Kila mmoja aliiga, akachoka kuiga, akaongeza la kwake akijua jirani atalichukua kesho, kwa hiyo ikabidi aongeze na lingine. Kelele zile zilikuwa zinakusukuma. Mwaka wako mtamu wa kwanza Muheza, kwa maoni yangu, ulikuwa unakula akiba ya kule.

Kuhusu wizi wenyewe, nisije nikaonekana naupamba. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo kwa ajili hiyo. Mtu akiichukua picha yako uliyoichora, akaichapa kwenye fulana au akaitia saini yake, una haki ya kulalamika, na ufanye hivyo. Piga picha kila kazi kabla haijaondoka, uandike tarehe. Lakini wazo la kuwapandisha wanyama daladala si mali ya mtu, kama ambavyo twiga si mali ya mtu. Huwezi kulifungia kabatini. Unachoweza ni kuwa wa kwanza tena.

Sasa hicho chumba. Nimesoma "nafunga mlango na dirisha" na "mchana kichwa kinauma" katika mstari mmoja nikataka kukupigia simu. Mwanangu, unachora kwa rangi ya mafuta na unafutia thina ndani ya chumba kisicho na hewa! Kabla hujaamua kwamba kipaji kimeisha, ondoa kwanza mvuke huo kichwani. Siku hiyohiyo utakayosoma gazeti hili, toa meza nje, kaa barazani. Vumbi unaliogopa kwa sababu linanata kwenye rangi mbichi. Basi rangi ya nyuma ipake ndani asubuhi dirisha likiwa wazi, uiache ikauke, halafu kazi ya wanyama na vitone ifanyie nje, na ukimaliza irudishe ndani ikakaukie huko. Wachoraji wengi wa Dar wanafanya kazi nje mwaka mzima na barabara ipo hatua chache kutoka kwao.

Na barazani utapata kile ambacho chumbani hakipo: wapita njia. Watoto wa jirani uliowafungia dirisha ndio watu wa kwanza watakaokwambia kwamba nyani wako anafanana na mwalimu mkuu. Usiwafukuze wote. Mama anayetoka sokoni atasimama, ataweka ndoo chini, atauliza kwa nini chui hana kivuli. Utakereka. Halafu jioni utajikuta unafikiria kivuli.

Mkeo. Anasema nzuri kwa sababu umemuuliza kama nzuri, na kwa sababu ametoka zamu amechoka, na kwa sababu anakupenda na anaona hali yako. Ulitaka aseme nini? Mbadilishie swali. Muulize, "Nikikwambia nitoe kitu kimoja humu, utatoa nini?" Au mfunike macho, umgeuze, umfungue ghafla, umwulize jicho limeanzia wapi. Au nyamaza kabisa, umwambie akusimulie kinachotokea kwenye picha kana kwamba anamsimulia mama yake kwa simu. Akisimulia kitu ambacho wewe hukukichora, chukua kalamu. Muuguzi anaona watu wa kila namna siku nzima, kwenye foleni, kwenye mabenchi, wakiwa na hofu na wakiwa na utani. Hospitali imechorwa sana na wenzako kwa miaka mingi, wanyama wamevaa koti jeupe wanachoma sindano, lakini nina hakika zimo habari ambazo anazo mkeo tu. Sisemi achukue siri za wagonjwa, hapana, hilo asilifanye hata kidogo. Nasema namna watu wanavyokaa kwenye benchi.

Na hiyo kodi aliyolipa, mshukuru kwa mdomo. Kujisikia vibaya kimyakimya chumbani hakumrudishii hata shilingi.

Kijana mchukue. Hapa sibembelezi. Wewe mwenyewe uliingia Oysterbay ukiwa huna cheti cha kujivunia, ukapewa brashi na mtu ambaye naye angeweza kusema anaogopa kufuga mwizi. Akija, anza naye ulikoanzia wewe: kuwamba kitambaa kwenye fremu, kupaka rangi ya nyuma, kusubiri ikauke bila kuigusa kwa kidole, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mlipe chochote, hata cha chakula na nauli, mkubaliane mapema na mzazi wake ajue. Lakini usimweke awe mashine ya vitone. Mruhusu aulize. Kila utakapomweleza kwa nini mstari wa mgongo wa twiga unachorwa mara moja bila kuinua brashi, utagundua kwamba sababu uliyokuwa nayo ni "mjomba alisema." Hapo ndipo utaanza kujaribu vingine. Ataiga twiga wako, ndiyo. Ataiga vibaya mwanzoni, na katika yale makosa yake kuna siku utaona shingo imepinda kwa namna ambayo wewe usingethubutu. Wakati huo naruhusu umwibie yeye.

Sasa narudi kwa wa fisi, kwa sababu huyu ndiye dawa yako kubwa na najua hutaki kusikia. Mpigie. Usianze na habari ya wizi wala msamaha. Mwambie una kitambaa. Kisha fanya hivi: chukua kitambaa cha ukubwa wa kawaida, paka rangi ya nyuma, chora nusu ya upande wa kushoto peke yake. Lori la machungwa limekwama, mathalani, dereva kashuka, anatazama kulia kwa mshangao. Usichore anachokitazama. Acha ikauke kabisa, maana rangi ya mafuta isiyokauka ukiikunja inanata na kuchubuka, kisha ivue kwenye fremu, ikunje uso wa picha ukiwa nje, itie kwenye bomba la plastiki, uikabidhi kwa basi la Dar. Mwenzako ataamua dereva anatazama nini. Akimaliza, naye aanze cha kwake, akuletee nusu.

Kabla ya kutuma mkubaliane mambo ya pesa, kwa sauti, kwa maneno ya wazi: nani anauza, mnagawanaje, saini zinakaa mbili au moja, na gharama ya kitambaa na nauli ya mzigo inatoka kwa nani. Urafiki wenu haukuvunjwa na fisi. Ulivunjwa na mauzo ya fisi. Mngekuwa na makubaliano kwamba anayeongezea picha ya mwenzake anamtolea kitu kidogo, mngekuwa mnakula sahani moja mpaka leo.

Hayo ni ya wachoraji. Ila nisingependa uzungukwe na wachoraji watupu, kwa sababu wachoraji wakikaa pamoja sana huchora picha walizoziona kwenye picha. Muheza mna vitu ambavyo Oysterbay hawana. Msimu wa machungwa nenda kwenye lori linapopakiwa, ukae mpaka lijae, uwaulize wapakiaji machungwa ya chini hayapondeki vipi. Kule Amani, milimani, kuna watu waliowahi kufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza nje. Wale wanajua kiwavi gani anakula majani gani, bawa linafunguka kwa mpangilio gani likiwa bado bichi. Wewe umekuwa ukichora vipepeo kwa kujazia nafasi iliyobaki juu ya kichwa cha tembo. Kaa na mmoja wao nusu siku uone kama utakichora tena kipepeo kwa kujazia.

George Lilanga alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde kutoka kusini. Alipofika Dar alipata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Mlinzi huyo akawa anazungukwa na watu wa kazi nyingine, wa kuchora, wa kuchapa, wa batiki. Mashetani aliyokuwa akiyatoa kwenye mti wakahamia kwenye karatasi, kwenye mabati, kwenye vitambaa, wakapata rangi, na ndiyo yaliyomfikisha kwenye kumbi za Ulaya na Marekani. Kwa mchonga vinyago, kukaa na mchonga vinyago mwingine kungempa patasi nzuri zaidi. Brashi aliipata kwa watu wasiochonga.

Umeniuliza urudi Dar. Hapana. Mkeo ana kazi, watoto wana shule, na wewe ulipokuwa kule ulikuwa unatamani kimya, kwa hiyo kimya nacho unakihitaji. Kuna wanaohubiri siku hizi kwamba msanii akae kwenye kundi muda wote, awe na washirika, awe na mitandao, apige picha kila anachokunywa. Mimi siamini hivyo. Kitambaa kinachorwa na mkono mmoja. Asubuhi zako zilinde, simu uizime, kijana aje baada ya saa nne. Ila unapopeleka mzigo Dar acha tabia ninayoihisi kwenye barua yako, ya kushusha, kuhesabu pesa na kurudi na basi la jioni. Lala huko. Keti kibandani kwa mtu, ukorogewe chai, utazame nini kinatundikwa na nini kimeshushwa. Pita na Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni, uone wanaofanya vitu visivyofanana kabisa na vyako, hata ukitoka unanuna.

Na grupu la WhatsApp usirudi. Hapo nakuunga mkono kwa asilimia mia. Watu mia mbili hawawezi kuitazama picha yako; wanaipita wakielekea kwenye mchango wa send-off. Watatu wanatosha: wa fisi, kijana, na yule mzee mmoja wa kule Oysterbay ambaye najua yupo, kila kijiwe anaye, asiyesifia mtu tangu azaliwe. Huyo mtumie picha ambazo hazijakwisha. Zikiisha hana la kufanya zaidi ya kuguna, lakini zikiwa nusu atakwambia.

Mnunuzi wa Arusha asikuumize kichwa. Amekwambia ukweli kwa bei nafuu. Mtumie anazozitaka, kama zile za mwanzo, hata ukizichora huku unapiga miayo, kodi ilipwe mwezi ujao na wewe. Kwenye furushi hilohilo mwekee moja ambayo hakuiagiza, ile mliyochora nusu kwa nusu ikishakuwa tayari, usiandike bei. Akiuliza inauzwaje, mwambie asubiri kidogo, umpigie kwanza mwenzako.

Shangazi